Sakhidad na Kontena la Baridi

Kabla hujaniuliza, nakwambia mapema kwamba sijui. Kila anayekaa kwenye zulia langu akapata bilauri ya pili ya chai huanza hayo hayo: "Ati Qurban, yule dereva wa Logar alikuwa mtu mwema au alikuwa hamnazo?" Nami humjibu, kunywa chai yako, lipa, nenda. Nimelifikiria jambo lile mpaka kichwa kimeniuma. Nitakusimulia lilivyokuwa, na ukiiona maana yake, uje unieleze na mimi.

Mimi ni muuza chai. Samawari yangu imekaa hapa, kando ya barabara kuu ya Ghazni, chini ya kilima cha Tepe Surkh, tangu kabla majeshi ya kigeni hayajapanda pale juu na kupiga kambi. Walikuja Wamarekani, wakaja Wapolandi, wakaja na wengine ambao hata bendera zao sikuzijua, zimepangwa pale getini kama nguo za sikukuu kwenye kamba. Walikaa miaka, wakaondoka kwa wiki moja. Helikopta zilikwenda zikirudi, na ziliponyamaza, juu ya kilima hapakubaki ila magunia ya mchanga, vumbi, na wanajeshi wachache wa serikali yetu pamoja na mbuzi wao.

Hapo ndipo Sakhidad alipofika, saa za adhuhuri, jua la kiangazi likichoma mpaka nzi wameacha kuruka. Lori lake lilipakwa rangi kila mahali: tausi, simba, maua, na macho mawili makubwa ya mwanamke kwenye mlango. Chini ilining'inia minyororo na njuga, likija unalisikia kabla hujaliona. Ila mgongoni lilibeba kontena jeupe, halina ua wala herufi, na mbele ya kontena mashine ya baridi inanguruma. Akashuka mtu mrefu, ndevu zimeanza mvi, akajipangusa vumbi, akatazama juu kilimani, akanitazama mimi, akatazama tena juu.

"Salaam aleikum, mzee. Kambi iko wapi?"

"Wa aleikum salaam. Kambi ipi?"

"Ya wageni. Tepe Surkh."

"Tepe Surkh ni hapo unapopatazama."

"Hapo hakuna kitu."

"Basi kambi ndiyo hiyo."

Alidhani namfanyia mzaha. Akapanda mwenyewe kwa miguu kwenda kuwauliza wale wanajeshi. Akarudi amesawajika. Wamemwambia mzigo wa wageni si mzigo wao, wao hawapokei kitu ambacho hawakuagiza, na kama anataka kuuza matairi waongee. Nikampa chai. Hakuinywa. Kila mara alikuwa akigeuza shingo kulitazama lile kontena kama mtu aliyemwacha mtoto peke yake karibu na kisima.

Sasa nikwambie Sakhidad alikuwa nani, maana ukisikia tu aliyoyafanya utamdhania mjinga, na hakuwa mjinga. Alizaliwa Logar, vita vya kwanza vikamkimbiza akiwa mdogo hadi Peshawar, ng'ambo ya mpaka, akakulia kwenye mahema ya wakimbizi. Huko ndiko alikojifunza Kiurdu na udereva, mwanzo kwa kuosha malori ya watu, kisha kwa kuyaendesha. Aliporudi nyumbani alirudi na lori lile, yeye na mkewe Parwin na mabinti wanne wamekaa mbele wote. Kwanza alibeba vitunguu, kisha saruji. Wageni walipojaa nchini, nani tena abebe vitunguu? Kila mwenye lori alibeba mzigo wa wageni.

Maana hilo ndilo jambo ambalo sisi watu wa barabarani tulilijua na hawa wa mijini hawakulijua. Askari wa kigeni hakubeba maji yake mwenyewe. Hakujipikia, hakufua soksi zake. Jeshi lilikodi kampuni, kampuni ikakodi kampuni nyingine, ile ikakodi kampuni ya Kabul, ya Kabul ikaenda kwa dalali wa malori, na dalali akamwita Sakhidad. Ukimuuliza, "Unamfanyia kazi nani?" alicheka. "Mzee Qurban, ninamjua dalali. Dalali anamjua karani wa Kabul. Huyo karani naye anamjua nani, Mungu ndiye ajuaye."

Na katika nchi hii hakuna dalali anayekupa mzigo wa watu kwa sura yako nzuri. Lazima awepo mdhamini, mtu wa kijijini kwako, mwenye nyumba na jina, aseme mbele ya mashahidi: huyu akipotea na mali, nikamateni mimi. Mdhamini wa Sakhidad alikuwa Ami Barat, mwoka mikate wa kijijini kwao, rafiki wa marehemu baba yake. Mzee wa watu alitia kidole gumba kwenye wino na mikono yake bado ina unga. Basi Sakhidad akibeba mzigo, alikuwa amembeba na Ami Barat. Asingeutupa, asingeuacha, na asingeivunja ile lakiri ya chuma iliyofungwa kwenye milango ya kontena, maana lakiri ikivunjika ni wizi, hakuna cha kujieleza.

Alipiga simu Kabul. Karani akamwambia, "Kambi imefungwa? Nani kasema?"

"Macho yangu yamesema, bwana!"

"Basi subiri hapo, niulize. Na sikiliza: mzigo uwe baridi. Usifungue, usizime mashine. Ukipata joto umekwisha."

"Kuna nini ndani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nina namba tu."

Akasubiri. Akapiga tena. Karani akasema kampuni ya juu yake imemaliza mkataba, ipigiwe iliyo juu zaidi, iko Dubai. Dubai akapokea mtu asiyejua Tepe Surkh ni mji au ni chakula. Yule naye akamrudisha kwa karani. Walimrusha kama mpira, bwana wee, na kila aliyemrusha alimalizia na neno lile lile: uwe baridi. Na mashine ile ilikuwa inakunywa dizeli wala haina haya.

Siku kadhaa zikapita, kisha simu ikaja yenyewe, kutoka kwa Parwin. Niliiona rangi ikimtoka usoni. Polisi wamekuja dukani kwa Ami Barat wakamchukua. Kampuni ya Kabul imeshtaki kwamba dereva ameiba kontena, maana hakuna aliyeweka sahihi kwamba limepokewa, na mdhamini ndiye anayeshikwa. Atakaa ndani mpaka sahihi ipatikane. Tanuri limezimwa, kijiji kizima kinakula mkate wa jana.

"Mzee yule ana pumu," Sakhidad akaniambia. "Ana pumu, Qurban, na wamemlaza kwenye sakafu ya saruji kwa ajili yangu."

"Basi vunja hiyo lakiri tuone kuna nini, tumtafute mwenyewe!"

Akanikazia macho mpaka nikaona aibu. Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Ninajua kuna nini."

"Kuna nini?"

"Kuna mtu."

Nikamwambia asinichezee, mimi mtu mzima. Akaapa. Akanieleza kwamba siku ile alipopakia Bagram, kwenye ile kambi yao kubwa, njia ilizuiwa. Akakaa kwenye lori hajui kulikoni. Kisha mlinzi akamwashiria apite, akapita, na toba! Pande zote mbili za barabara wamesimama askari, wanaume kwa wanawake, wa rangi zote na bendera zote, wapishi wao na makarani wao, wamenyooka, mikono kwenye paji la uso, wanampigia saluti. Hakuna aliyesema neno. Wengine walikuwa wanalia. "Mimi, Qurban! Mimi ambaye kila siku wananipekua mpaka kwenye kilemba! Walikuwa wananisalimia mimi? Walikuwa wanamsalimia niliyembeba."

Nikapigwa na bumbuwazi. "Lakini maiti wa kigeni aletwe Tepe Surkh afanye nini? Si ndege zao zinarukia kule kule ulikotoka?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Na kontena zima kwa mtu mmoja?"

"Labda si mmoja."

Nikakaa chini. Wallahi kichwa kilinizunguka. Upande mmoja wa akili uliniambia haiwezekani. Upande wa pili ukaniuliza, wewe Qurban, katika miaka yote hiyo uliona nini cha wale watu kikawezekana kueleweka? Walileta maji kwa ndege kwenye nchi yenye mito. Walijenga ukuta, wakaubomoa, wakaujenga tena hatua chache mbele. Kila nchi ilikuwa na mambo yake na amri zake. Labda Wapolandi huwakusanya maiti wao wenyewe, labda kuna ibada ya kikosi, labda alitakiwa aagwe na wenzake wa hapa kwanza. Na karani naye anasema ukipata joto umekwisha. Mtu husema hivyo juu ya nyanya?

Kufikia alasiri soko zima lilikwishajua. Usiniulize nani alisema, mimi nilimwambia mtu mmoja tu. Mwuza nyama mkabala na mimi akazima redio yake, na yule hajapata kuizima hata kwa msiba wa shemeji yake. Watu wakapita mbele ya kontena wakipunguza mwendo. Wakamwita Mulla Fateh, imamu wetu, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, wakamuuliza hukumu yake. Akalizunguka lori mara mbili akikuna ndevu.

"Kumsalia hatuwezi. Kumwosha hatuwezi."

"Basi tufanyeje, maulana?"

"Mimi nitawasomea maiti wa kwetu. Nitasoma hapa hapa, kwa sauti. Kama na yeye atasikia, hilo halinihusu." Akasoma, tena kwa ile sauti yake nzuri ya Ramadhani, na sisi tukasimama kichwa chini mbele ya kontena linalonguruma.

Shida ikawa dizeli. Sakhidad aliuza tairi la akiba, akauza jeki. Kisha nikamwona ameinama chini ya lori lake na koleo, anakata njuga moja moja na minyororo yake, na mtu aliyelipenda lori kama yule, ni kama kumwona mtu anamkata mkewe nywele. Nikamwambia, "Wewe mwanaume, umechanganyikiwa? Wale walikuwa wakikupekua kilembani. Wamekuachia mzigo wao jangwani na wamemfunga mzee wako. Zima hiyo mashine, nenda zako!"

"Nikizima, Ami Barat anaozea ndani."

"Na ukiwasha?"

"Nikiwasha, angalau siku atakapokuja mwenyewe atakuta amana yake nzima. Atasema huyu hakuiba. Atatia sahihi." Akafikicha macho. "Au hatatia. Sijui, Qurban. Wewe unajua? Basi usinipigie kelele."

Asubuhi iliyofuata ndipo alipokuja Bibi Shirin. Bibi Shirin ana shamba la milozi kule nyuma ya mto. Alikuwa na mwana mmoja, Yunus. Mwaka mmoja wakati wa kuvuna, ndege ya wale wale wa kilimani iliwapiga vijana waliokuwa wanafanya kazi kandokando ya mfereji, kisha wakaja watu wakasema samahani, walidhani ni wengine. Alichozika kilitosha kwenye mfuko wa unga, na wala si mfuko mkubwa. Sasa huyo ndiye aliyekuja moja kwa moja mpaka kwenye lori, chadari yake ya kujitanda imejaa vumbi, na mkononi ana kopo kubwa. Mwuza nyama akaninong'oneza, "Leo analichoma." Hata mimi nilidhani hivyo.

"Wewe ndiye dereva?" akauliza.

"Ndimi, mama."

"Ni kweli uliyembeba ni maiti wao?"

Sakhidad angeweza kusema hajui. "Naamini hivyo, mama."

Akaweka mkono kwenye bati la kontena. Lilikuwa baridi, akautoa upesi, akaurudisha. "Ana mama huyu?"

"Bila shaka anaye."

"Basi asiharibike. Mimi wa kwangu sikumwona uso." Akasukuma kopo kwa mguu. "Dizeli hii ya pampu yangu. Ikiisha, njoo uchukue nyingine."

"Mama, na milozi?"

"Milozi itangoja. Wewe mimina."

Nikaona Sakhidad anamimina, dizeli ikamwagika kidogo chini, na yule mama akamgombeza kwa kuimwaga. Nilikwenda nyuma ya samawari nikajifanya natafuta sukari. Na tangu siku ile mwanamke yule alileta kopo lake kila asubuhi, na sisi tuliokuwa tunatazama tu tukaona haya, kila mtu akatoa chake kidogo kidogo. Mashine haikuzimika. Pampu ya Bibi Shirin ndiyo iliyozimika, na kutoka hapa kwangu uliweza kuona majani ya milozi yakianza kugeuka rangi.

Hatimaye akaja mtu. Gari mbili za chuma, walinzi wa kukodiwa wenye miwani myeusi, na katikati yao akashuka bwana mmoja mfupi, mpole, amevaa kofia ya jua. Mnepali, jina lake Tikaram. Alitumwa na kampuni, usiniulize ya ngapi kutoka juu, apite kwenye kambi zilizofungwa ahakiki vilivyosalia. Sakhidad alimwendea akamsemesha Kiurdu cha Peshawar, na yule bwana akafurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake. Kumbe na yeye alifundishwa kazi na Mpakistani. Mimi Kiurdu nakijua kidogo, nilikuwa mkimbizi vilevile, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Umefika, ndugu yangu," Sakhidad akamwambia. "Amana yako hii. Lakiri nzima, baridi nzima. Sikugusa. Nakuomba utie sahihi, kuna mzee wa watu ndani."

Tikaram akalinganisha namba, akatoa koleo, akakata lakiri. Soko zima lilikuwa limesimama. Mulla Fateh alikuwa ameanza kusoma. Wanaume walivua viatu, sijui kwa nini, mmoja alivua na wengine wakamfuata. Milango ikafunguliwa, ukatoka moshi mweupe wa baridi ukatufunika nyuso, na ulipotawanyika tukaona maboksi. Maboksi juu ya maboksi mpaka kwenye dari, yote yana picha ya stroberi.

"Ni nini hicho?" akauliza Mulla Fateh.

"Aiskrimu," akasema Tikaram.

Hakuna aliyecheka. Ukitaka kujua kuchanganyikiwa ni nini, ungekuwepo ukatutazama tumesimama pale miguu mitupu kwenye changarawe ya moto. Mulla aliuliza taratibu, si kwa hasira, "Basi tumemsomea nani?" Sakhidad alipanda ndani. Akasogeza boksi moja, akasogeza la pili, akaingia mpaka ndani kabisa akitafuta. Alitoka na barafu kwenye ndevu.

"Lakini walinipigia saluti," akamwambia Tikaram. "Bagram. Barabara nzima."

Yule bwana akafikiri, kisha uso wake ukalegea. "Mbele yako kulikuwa na gari?"

"Kulikuwa na gari dogo, ndiyo. La kijani."

"Maiti alikuwa mle. Anapelekwa kwenye ndege. Wewe ulimfuata nyuma, na wao walikuwa hawajashusha mikono." Akamshika bega. "Pole, ndugu."

Sakhidad akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akashika lile ambalo bado lilikuwa la kweli. "Haya. Iwe aiskrimu. Ni nzima? Ni nzima. Tia sahihi."

Hapo Tikaram akaanza kujikuna shingo. Alikuwa na haya, nakwambia ukweli, hakuwa mtu mbaya. Akasema chakula kizima hana ruhusa ya kukipokea mahali pasipo na kambi. Kizima lazima kirudi kwenye ghala kilikotoka, kwa mkataba mpya na mdhamini mpya. Akapiga simu ghalani. Ghala nalo limefungwa. Akapiga kwingine, wakamwambia kizima hakiwezi kufutwa kwenye hesabu. Kinachofutwa ni kilichoharibika. Kilichoharibika anakipiga picha, kinafukiwa, anatia sahihi, na shauri limekwisha.

"Sijakuelewa," Sakhidad akasema.

"Kingekuwa kimeoza, ndugu yangu, ningetia sahihi sasa hivi. Hata nisingekuja. Ungetuma picha tu siku ile ya kwanza, ningetia sahihi nikiwa ofisini."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Na mzee asingefungwa?"

Tikaram akatazama viatu vyake. Ala! Nilitaka kumrukia mtu, lakini nimrukie nani? Huyu naye ana mkubwa wake, na mkubwa wake ana mkubwa. Nikawatazama wale walinzi wenye miwani, nao wamekodiwa. Nikakitazama kilima, pale juu mbuzi anakula gunia la mchanga. Hapakuwa na mtu wa kumshika shati.

Sakhidad alikwenda mbele ya kontena akaweka mkono kwenye swichi. Ukaganda pale. Nikamwona anajilazimisha. Wiki zote zile, njuga zake, tairi lake, kopo la yule mama, vyote vilikuwa mle kwenye ile ngurumo. Kisha akazima, na kimya kilichokuja kilituumiza masikio. Milango ikaachwa wazi kwenye jua. Watoto wa soko walikuja na vijiko, Tikaram akakataza, mtoto akiumwa tumbo kampuni itamuua, kisha akaenda kukaa garini akatugeuzia mgongo, na aliyetaka kuelewa akaelewa. Mimi sikula. Kesho yake jioni kioevu cha rangi ya waridi kilikuwa kinachuruzika barabarani na nyuki wamejaa. Akapiga picha. Tukachimba shimo, tukafukia maboksi. Akatia sahihi, akaituma picha ya ile hati palepale kwa simu, akatukumbatia mmoja mmoja, akaenda zake.

Siku iliyofuata simu ya Parwin ikaja kabla ya adhuhuri. Ami Barat ametoka. Kifua kinamsumbua, lakini amepita kwanza kwenye tanuri kabla ya kufika nyumbani kwake, akawasha moto. Sakhidad alisujudu palepale barabarani. Kisha akaja na mpira na ndoo, akaifyonza dizeli yote iliyobaki kwenye tangi la ile mashine, akajaza kopo la Bibi Shirin mpaka shingoni.

"Twende wote," akaniambia. "Peke yangu siwezi."

Tulimkuta shambani, anaokota majani makavu. Nilidhani soko limekwisha kumwambia, lakini walikuwa wamemwambia tu mwenye mzigo amekuja, asilete dizeli tena; mengine hakuna aliyethubutu. Alituona na kopo, akasimama.

"Mmemzika?"

"Mama," Sakhidad akasema, "hakuwa mtu. Nilikosea. Yalikuwa maziwa ya sukari yaliyogandishwa. Chakula cha askari, cha kujiburudisha."

Nilitazama chini. Nilimsikia yule mama anavuta pumzi. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji mkavu.

"Maziwa," akasema.

"Maziwa, mama. Nisamehe."

Alikaa hivyo mpaka jua likatuchoma migongo. Akachukua jani, akalivunja vunja. "Na yule mzee wako aliyefungwa?"

"Ametoka leo. Yuko nyumbani, ameshawasha tanuri."

Akainua uso. Kwa mara ya kwanza nikaona kitu kama furaha, kidogo tu, machoni. "Kwa hiyo dizeli yangu ndiyo iliyomtoa."

Nikamtazama Sakhidad. Mtu huyu hakuvunja lakiri. Alipoulizwa na mama huyu kama amebeba maiti, hakujificha nyuma ya sijui. Amekuja kwa miguu yake kusema kweli ambayo mimi ningeificha mpaka kaburini. Na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba ile dizeli ndiyo iliyomweka mzee ndani muda wote ule.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo iliyomtoa."

"Basi haikupotea," akasema Bibi Shirin. Akainuka, akachukua kopo, akamimina dizeli kwenye pampu, akavuta kamba. Ikashika kwa mara ya tatu. Maji yakaja na matope kwanza, kisha yakasafika, yakaingia kwenye mfereji kuelekea milozi, mingine ikiwa hai bado na mingine imekwisha kufa.

 Tuliporudi kwangu Sakhidad akaniuliza, "Nimetenda dhambi, Qurban?" Nikammiminia chai nikamwambia anywe. Akanywa, akapanda lori lake, akaondoka kuelekea Logar, na bila njuga hukulisikia likienda.